Kuzamia kwa Mtungi: Uanzie Ziwani Kigoma au Uende Mafia?

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ana likizo ya siku ishirini na akiba aliyoikusanya kwa miaka miwili. Anataka kujifunza kuzamia kwa mtungi wa hewa. Alinipigia kutoka Kasulu: "Dada, wewe umezamia kote kuwili, ziwani na baharini. Niambie ukweli, nipande treni nikafike Mafia, au nibaki hapa hapa Kigoma?" Tuliongea mpaka salio likaisha, na bado niliona sijamjibu sawasawa. Ndiyo maana naandika. Najua wapo wengine Mwanga, Gungu na Ujiji wenye swali hilohilo na hawana wa kumuuliza.

Nimeweka Mafia upande wa pili wa mizani kwa sababu ndiko nilikojifunzia. Mnemba, kule Unguja, kuna samaki wengi na maboti mengi vilevile. Pemba kuna kuta za matumbawe zinazoshuka mpaka gizani, na hizo si za mwanafunzi. Mbudya na Bongoyo, visiwa vya Dar, vinamfaa mwenye siku chache. Ila mtu anayetoka mwisho wa reli mpaka pwani, safari yote ile, naona afike mahali ambapo bahari bado ina nafasi.

Nianze na kile mtu anachokwenda kukiona, maana hapo ndipo tofauti ilipo kubwa.

Ukiingia maji ya Ghuba ya Chole, kule Mafia, siku nzuri, bahari haikusubiri. Ndani ya dakika moja umezungukwa. Changu wanapita kwa makundi, chewa amejibanza chini ya tumbawe, mkunga ametoa kichwa kwenye tundu, kasa anapanda juu kuvuta pumzi kana kwamba hakuoni. Kuna samaki wadogo wa rangi ya machungwa wanaolala ndani ya matamvua ya mnyama anayewasha wengine wote isipokuwa wao. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilianzishwa mwaka 1995, ikiwa ya kwanza ya aina yake Tanzania, na ina ukubwa wa kilomita za mraba 822. Humo zimeorodheshwa aina zaidi ya 400 za samaki. Tumbawe lenyewe ni mnyama, maelfu ya wanyama wadogo waliojenga nyumba moja ya chokaa, na ukilikanyaga umeua kitu kilichochukua miaka mingi kukua. Mwaka 1998 joto la El Niño liliyapausha matumbawe ya pwani yetu yote, na mengi yakafa. Utaona bado sehemu zenye vifusi vya matumbawe makavu, na pembeni yake matumbawe machanga yakirudi. Mimi hizo sehemu zilinigusa kuliko zile nzuri.

Ziwani hali ni nyingine kabisa. Mara ya kwanza niliposhuka na mtungi kwenye mawe ya kusini mwa mji, nikiwa nimetoka Mafia miezi michache nyuma, niliona mawe. Makubwa, ya kahawia, yamefunikwa ukungu wa kijani. Samaki walikuwepo, wengi tu, lakini wadogo, na sikuwajua. Nilizunguka huku na huko nikitafuta kitu kikubwa, hewa ikaisha, nikatoka nimekata tamaa. Mzee mmoja wa Katonga aliyetupeleka kwa boti yake aliniuliza, "Umeona nini, mwanangu?" Nikamwambia sikuona kitu. Akasema, "Basi umetembea sana. Kesho kaa kwenye jiwe moja."

Kesho yake nilikaa kwenye jiwe moja, na ushauri huo nauuza kwa kila anayeuliza.

Ziwa Tanganyika ni la zamani mno. Wataalamu wa miamba wanalikadiria miaka milioni 9 hadi 12. Katika muda huo jamii moja ya samaki, ile ya perege na kuhe ambayo wanasayansi wanaiita sikilidi, imezaa aina zaidi ya 200, na karibu zote hazipatikani mahali pengine popote duniani. Kila aina imejitafutia kazi yake. Ukitulia mita sita chini, utamwona dume mdogo akilinda eneo la mawe lisilozidi upana wa mkeka, akimfukuza kila anayekuja kula majani yake. Utaona ukoo mzima umekaa kwenye mwanya mmoja: wazazi, vifaranga, na vijana wa uzao uliotangulia ambao hawajaondoka nyumbani, wanachimba mchanga na kulinda wadogo zao. Utamwona jike amefumba mdomo na shavu limevimba, kwa sababu amebeba watoto humo, na baadhi yao hubeba karibu mwezi mzima. Na yupo gogogo mdogo wa madoadoa anayependa kuvizia pale jike wa aina nyingine anapotaga. Anaingiza mayai yake kati ya yale ya mwenye nyumba, jike anayaokota yote mdomoni, na watoto wa gogogo wakianguliwa mapema wanawala wenzao humohumo.

Kuna mwingine anayekula magamba ya samaki wenzake. Mdomo wake umepinda. Baadhi wamezaliwa na mdomo wa kushoto, wengine wa kulia, na kila mmoja hushambulia upande unaolingana na mdomo wake. Mtafiti Mjapani, Michio Hori, alieleza mwaka 1993 jinsi idadi ya wa kushoto na wa kulia inavyobaki karibu nusu kwa nusu: wakizidi wa upande mmoja, samaki wanaoliwa wanazoea kulinda upande huo, na wachache wa upande wa pili wanapata shibe. Mambo hayo yanatokea kwenye maji tunayochotea ndoo.

Huko Ulaya, kwenye maduka ya samaki wa mapambo, samaki hawa huuzwa kwa majina ya vijiji na rasi za ziwa letu. Mtu wa Ujerumani anajua kuna samaki wa "Ikola" na wa "Maswa", na anajua rangi zake. Sababu ni kwamba wale wa mawe hawavuki mchanga. Ghuba moja ya mchanga ikikaa katikati, ndugu wa upande huu na wa upande ule wanaachana, na baada ya miaka mingi rangi zinatofautiana. Sisi tuliokulia juu yao tunajua dagaa na migebuka kwa sababu tunawala. Hao wengine hatuna hata majina yao, na hilo linaniuma kusema kweli.

Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza ni hili: unataka kushangaa, au unataka kuchunguza? Kama ukikaa sokoni unaangalia mji mzima, nenda Mafia. Kama ukikaa sokoni unamwangalia mama mmoja anavyopanga nyanya zake, ziwa litakushika maisha yako yote.

Swali la pili ni la mwili na hesabu, na hapa naomba usome polepole hata kama hupendi namba.

Uso wa Ziwa Tanganyika uko kama mita 773 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya Kigoma ni nyepesi kidogo kuliko ya Kilindoni, mji wa Mafia. Majedwali ya kuzamia, yale yanayokuonyesha ukae kina gani kwa muda gani, yametengenezwa kwa ajili ya bahari, na ukizidi mita 300 juu ya bahari yanahitaji kurekebishwa, kwa sababu mwili ukirudi juu unakuta shinikizo dogo kuliko lile jedwali lilivyodhani, na naitrojeni, hewa iliyoingia mwilini ulipokuwa chini, inapata nafasi ya kutoka kwenye damu vibaya, kwa mapovu. Kwa mkato, mita 18 za Kigoma uzihesabu kama karibu mita 20 za baharini. Kompyuta nyingi za kuzamia, zile za mkononi zinazokuhesabia kina na muda, zinajirekebisha zenyewe au zina sehemu ya kuweka mwinuko. Hakikisha yako imewekwa kabla ya kuingia majini. Na siku ya kuzamia usipande barabara ya kurudi Kasulu jioni hiyohiyo, wala treni ya Tabora, ambako ni kama mita 1,200. Kwa ndege, kanuni ya kawaida ni kusubiri angalau saa 12 baada ya kuzamia mara moja, na saa 18 ukizamia mara kadhaa au siku kadhaa. Kupanda mlima nako nakuhesabia hivyohivyo. Mapovu yakikukamata Kigoma, chumba cha shinikizo cha kukutibu kiko mbali sana, na safari yenyewe ya kukifikia inakupandisha juu. Kwa hiyo ziwani mimi sishuki chini ya mita 18, na sioni nimekosa nini. Samaki wengi niliokueleza wako kwenye mita 15 za mwanzo, palipo na mwanga unaootesha chakula chao.

Halafu kuna chumvi. Maji ya bahari ni mazito, yanakubeba. Maji ya ziwa, yasiyo na chumvi, hayakubebi sana. Mtu mwenye uzito wa kawaida akitoka baharini kuja ziwani inampasa apunguze kama kilo mbili au tatu za risasi, yale madini mazito ya kumshusha chini, kwenye mkanda. Hilo hakuna aliyeniambia. Niliporudi Kigoma nilifunga mkanda uleule niliozoea Mafia, nikaruka, nikashuka kama tofali mpaka mchangani mita tisa chini, sikuwahi hata kusawazisha shinikizo masikioni. Sikio la kushoto liliuma wiki mbili, na daktari alinikataza maji kwa mwezi mzima. Ukijifunzia ziwani kisha uende baharini, mambo yanageuka: utaelea juu kama chupa tupu mpaka uongezewe risasi, na hiyo ni aibu ndogo isiyo na maumivu.

Kwa haya mawili, mwinuko na uzito, nasema wazi: mtungi jifunzie baharini. Mafunzo ya awali ya PADI au SSI, mashirika ya kimataifa ya kufundisha kuzamia, huchukua siku tatu hadi nne, yana mazoezi ya maji ya kina kifupi na mizamio minne ya kweli, na kina cha juu kabisa ni mita 18. Utaogeleshwa mita 200, utaelea dakika kumi bila kushika kitu, na utajaza fomu ya afya. Ukiwa na pumu, tatizo la moyo au masikio yenye historia, pita kwa daktari kabla hujalipa senti. Utende na Kilindoni utapata walimu, mitungi iliyokaguliwa, maboti yenye oksijeni ya dharura na wenzako wa kujifunza nao. Kigoma inakubidi uulizie, upatane, usubiri, na ukague mwenyewe kila kitu. Anayeanza hajui cha kukagua.

Gharama sitaziandika kwa shilingi kwa sababu zinabadilika kila msimu. Ila mpangilio wake ni huu. Mafia utalipia treni au ndege mpaka Dar, basi mpaka Nyamisati na boti ya kuvuka kwenda Kilindoni, au ndege ndogo ukiwa nazo. Utalipia chumba, ada ya hifadhi, na kozi yenyewe, ambayo ndiyo kubwa kuliko vyote. Beba kitambulisho cha NIDA, kwa sababu ada za hifadhi kwa raia ni tofauti na za wageni, na tofauti hiyo ni chakula cha siku kadhaa. Kigoma unalala nyumbani na unakula ugali na migebuka kwa mama. Gharama ya ziwani ni boti, mafuta na kukodi vifaa.

Msimu nao usiudharau. Pwani, upepo wa kusi, kuanzia karibu Mei mpaka Septemba, unachafua bahari na kuyafunga maeneo ya nje ya ghuba. Kati ya Oktoba na Machi mapema ndipo Mafia inapofunguka. Oktoba mpaka Februari papa potwe wanakuja mbele ya Kilindoni. Ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani na anakula vijidudu vya majini na samaki wadogo. Huyo haumfuati na mtungi. Unaogelea naye juu, kwa miwani na mapezi, bila kumgusa. Mlango wa Kinasi, unaoingiza maji kwenye Ghuba ya Chole, unazamiwa kwa kufuata maji: wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mkondo ni mkali, na mwanafunzi husubiri maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo. Msikilize nahodha, hata kama umeshalipa na siku zako zinaisha.

Ziwani hakuna kupwa na kujaa kwa maana ya pwani. Kuna upepo, na kuna matope. Asubuhi na mapema, kabla upepo haujaamka, maji yanatulia. Alasiri mara nyingi mawimbi yanapiga mawe na kutoka majini ni kazi. Kiangazi maji ya mbali na mji yanaweza kuwa safi mpaka unaona mita 15 na zaidi mbele yako. Mvua zikianza, Novemba kuendelea, vilima tulivyovikata miti vinashusha udongo mwekundu, na karibu na mji maji yanakuwa chai. Udongo huo unawatoa samaki wa mawe kwenye makazi yao, kwa kuwa unaziba mianya wanayotagia na kufunika majani wanayokula. Watafiti waliofanya kazi Kigoma wameliona hilo tangu miaka ya 1990. Ukitaka kulinganisha kwa macho yako, zamia siku moja mbele ya vilima vilivyo wazi, siku nyingine mbele ya pwani ya Gombe, ambako msitu bado umesimama, baada ya kupata ruhusa ya hifadhi.

Hatari za majini watu wa nje huzikuza, sisi tunazidharau. Kichocho kipo Ziwa Tanganyika. Konokono wanaokibeba hupenda pembe zilizotulia zenye nyasi, karibu na vijiji. Penye mawe na mawimbi hatari ni ndogo, ila haijaisha. Ingia kwa boti badala ya kupita kwenye matete, jikaushe haraka, na baada ya miezi miwili au mitatu nenda kapime. Dawa yake, prazikwanteli, inafanya kazi. Mamba wapo sehemu fulani, hasa karibu na midomo ya mito na penye matete. Waulize wavuvi wa mahali hapohapo, siku hiyohiyo, wala usiulize hotelini. Wakikuambia leo hapana, ni hapana. Yupo pia swila wa majini anayekula samaki kati ya mawe. Ana sumu kali, lakini nilipomwona mara mbili alinipisha akaenda zake. Usimzibie njia wala kumshika. Yavuyavu wa ziwani ni wadogo kama sarafu na hawakufanyi kitu. Wa baharini wanawasha, baadhi yao vibaya, na baharini pia hupaswi kuweka mkono mahali usipopaona.

Wengi huniuliza kuhusu meli. Wanasikia Liemba ilizama, wanadhani ipo chini tukaione. Ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikiitwa Graf von Goetzen, mitambo yake ikiwa imepakwa grisi ili isiharibike. Waingereza waliiibua mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina tunalolijua. Chini hakuna cha kuona.

Sasa lile ambalo wengi hawalipimi kabisa: miwani na mrija, bila mtungi. Kwa baharini, ukienda na miwani peke yake utaona sehemu nzuri, lakini mengi ya Kinasi yatabaki chini yako. Kwa ziwani ni tofauti. Mawe ya mita mbili, tatu, yana karibu kila kitu nilichokueleza hapo juu. Unavuta pumzi, unashuka taratibu, unashika jiwe, unaangalia, unapanda. Vijana wa Bangwe wanaorukia maji tangu wana miaka sita tayari wana mapafu ya kazi hiyo, wanakosa miwani tu. Angalizo langu moja: usifanye peke yako, na usivute pumzi nyingi za haraka haraka kabla ya kushuka ili ukae sana. Kufanya hivyo kunaficha ile hamu ya kupumua, na mtu anapoteza fahamu majini bila dalili.

Mdogo wangu nimempangia hivi. Kozi ya Mafia aiweke Novemba, bahari ikiwa imetulia na potwe wamefika. Kuanzia sasa mpaka hapo, kila Jumamosi asubuhi anashuka Kigoma kwa basi la kwanza na tunaenda kwenye mawe na miwani miwili niliyonayo. Akirudi kutoka pwani tutapunguza risasi kwenye mkanda wake, tutarekebisha kompyuta, na atazamia na mtungi ziwani nami nikiwa ubavuni.

Jumamosi iliyopita ilikuwa ya kwanza. Alikaa majini saa nzima, midomo ikaanza kutetemeka, nikamwita mara tatu. Alipotoka hakuuliza chochote kuhusu Mafia. Aliuliza, "Dada, yule wa njano pale kwenye ufa, mbona wenzake wanakula yeye amefumba mdomo tu?"